BOV ya Forester inazima gari kwa raundabauti: kabla ukaze hiyo skrubu tena

Kuna ndugu wa Nakuru ameniandikia hivi, nafupisha: ako na Subaru Forester XT ya 2005, ile SG5, gia oto, injini ya EJ205. Alitoa ile valvu ya kampuni iliyo juu ya intakula (kipoza hewa ya tabo) akaweka BOV (blow-off valve) ya kununua, ile ya kutoa hewa ya tabo nje, iko na skrubu juu ya kukaza springi. Tangu siku hiyo akikaribia raundabauti na kuachilia mafuta RPM inashuka mpaka gari inazima, ama inapanda na kushuka kama haijui inataka nini. Akikanyaga tena inatoa moshi mweusi nyuma. Na akiachilia mafuta polepole kwa mji anasikia tu-tu-tu-tu. Fundi wake kila akirudi anakaza skrubu kidogo, tututu zinazidi. Sasa anauliza, "Kwa YouTube jamaa anasema funga yote alafu rudisha mizunguko fulani, Forester ni mizunguko ngapi haswa?"

Bosi, hakuna namba ya mizunguko. Mtu yeyote anakupatia namba bila kuona vakyumu ya injini yako (nguvu yake ya kuvuta hewa) anakupiga chenga, hata kama video yake ina watu milioni. Hizo skrubu hazifanani, springi hazifanani, na kubwa zaidi, huyo jamaa wa YouTube pengine yuko karibu na bahari na wewe uko Nakuru, mita kama 1,850 juu. Hiyo tofauti ndio watu wengi huku kwetu hawaihesabu na ndio nataka tukae nayo kidogo, lakini kwanza tuelewe hii kitu inafanya nini.

Tabo ikisukuma hewa, hewa inapita intakula inafika kwa throto, ule mlango wa hewa ya injini. Ukiachilia mafuta throto inafunga pap, lakini tabo bado inazunguka na hewa yenye presha imekwama hapo katikati haina pa kwenda. Ikikosa njia inarudi nyuma kupitia kwa feni ya tabo yenyewe, na hiyo ndio tututu unasikia, hewa inagongana na feni. BOV kazi yake ni kufungua hapo kwa hapo na kuachilia hiyo hewa. Inajuaje? Kuna mpira mwembamba unatoka kwa manifoldi (paipu za kugawia injini hewa), nyuma ya throto, unaingia kichwani mwa BOV. Throto ikifunga manifoldi inakuwa na vakyumu, inavuta pistoni ya BOV juu, na presha ya upande wa tabo inasukuma kutoka chini. Springi ndio inapinga. Ukikaza skrubu unaongeza upinzani wa springi, ukilegeza unapunguza. Basi, hakuna kingine.

Kuna uongo mmoja tuutoe njiani, kwamba ukikaza sana gari inapata busti (presha ya tabo) zaidi. Ukiwa umekanyaga yote, huo mpira mwembamba unapeleka busti ile ile juu ya pistoni, so juu na chini presha inakaribiana na springi inaifunga bila shida. Kama valvu ni nzima, springi ya kadiri inashika busti ya SG5 ya kawaida vizuri tu. Kama inavuja ukiwa na busti basi ni pistoni imekwaruzika, o-ringi imekufa ama ni feki, na kukaza hakuponyi.

Sasa hii ya Nakuru. Presha ya hewa Mombasa ni kama kPa 101. Kisumu, mita 1,131, ni kama 88. Nakuru ni kama 81. Injini ikiwa aidlingi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ndani ya manifoldi inabaki karibu kPa 34 ivi, iwe Mombasa ama Nakuru, kwa sababu hewa injini inahitaji kujizungusha tu ni karibu ile ile. Vakyumu ni tofauti ya hizo mbili. So injini nzima inayosoma inchi 20 za zebaki kwa geji ikiwa Mombasa, itasoma kama 16 Kisumu na kama 14 Nakuru, na haina ugonjwa wowote. (Nimeona mafundi wakitafuta vakyumu liki wiki nzima kwa gari ya Eldoret kwa sababu kitabu kimesema 19. Kitabu hakijawahi kupanda Timboroa.)

Unaona inaenda wapi? Springi ile ile, skrubu mahali pale pale, kwa jamaa wa pwani inavutwa na nguvu ya 20, kwako inavutwa na 14. Kwake inafungua freshi, kwako ni ngumu. Ukiachilia mafuta ukiwa na busti kubwa bado itafungua, kwa sababu presha ya chini inasaidia kusukuma, lakini ukiachilia na busti kidogo, zile za mji, za kufuata matatu kutoka stendi, vakyumu ndio inafanya kazi kubwa na haitoshi. Ndio hiyo tututu yako. Na fundi anajibu tututu kwa kukaza zaidi, which ni kumwaga petroli kwa moto. Alipaswa kulegeza.

"Sasa si nilegeze tu yote?" Hapo ndio gari yako inakataa, na hii ni upande wa pili. SG5 inapima hewa na sensa ya MAF, iko hapo mwanzo kabisa baada ya filta ya hewa. Kila hewa iliyopita hapo, kompyuta imeihesabu na imeipangia petroli. Valvu ya kampuni ilikuwa inarudisha hewa kwa paipu ya kuingia tabo, baada ya MAF, so hesabu ilibaki sawa. Wewe unaitupa nje. Petroli imepangwa, hewa imeenda, mchanganyiko unakuwa mzito kwa muda mfupi, huo ndio moshi mweusi. Alafu ukiwa unateremka kuelekea raundabauti na mguu hauko kwa mafuta, vakyumu iko juu sana, BOV ikiwa imelegea inabaki wazi na injini inaanza kuvuta hewa kupitia hapo hapo kwa mdomo wa BOV, hewa ambayo MAF haijaiona, na filta haijaiona pia, vumbi la Nakuru moja kwa moja ndani. Kompyuta inaona hewa kidogo, inatoa petroli kidogo, RPM inashuka, haishiki, puff, imezima. Na kumbuka ikizima hivyo unapoteza pawa ya stiari na servo ya breki inabaki na za kukanyaga mara chache tu, kwa hivyo hii si maneno ya starehe.

Kwa ufupi uko na mlango mwembamba: springi iwe ngumu ya kutosha kubaki imefunga kwa aidlingi, na laini ya kutosha kufungua ukiachilia mafuta. Pwani huo mlango ni mpana. Nakuru umebanwa. Unaweza kupita, lakini si kwa kuhesabu mizunguko.

Kabla ushike skrubu angalia vitu viwili, na hivi naviamini kuliko skrubu. Cha kwanza ni ule mpira mwembamba. Uwe wake peke yake, mfupi, unatoka kwa manifoldi yenyewe, usigawane na solenoidi ya busti ama kitu kingine. Na uwe mpira wa vakyumu kweli, wa silikoni ama wenye ukuta mnene. Kuna mafundi wanaweka ule mpira wa maji ya wipa kwa sababu ndio uko kwa droo. Ukiwa baridi unafanya, injini ikishika moto unalainika, vakyumu ikivuta unajikunja na kujifunga wenyewe, sasa BOV haisikii kitu na tututu zinaanza dakika ishirini baada ya kutoka nyumbani. Ufinye ukiwa moto, ukikunjika kama mrija wa soda toa tupa.

Cha pili, na hii umenitumia picha na nikashtuka. Lile tundu kubwa la paipu ya kuingia tabo, mahali valvu ya kampuni ilikuwa inarudisha hewa, fundi wako ameliziba na kipande cha mti, naona ni mpini wa ufagio, na klipu juu. Bosi, toa hiyo kitu leo. Hapo ni upande wa kuvuta wa tabo. Mti unakauka, unapungua, unaoza na mvuke wa oili, siku moja unapasuka na kipande kinaingia kwa feni inayozunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika. Na hata kabla ya hapo, kama haijakaza vizuri inavuta hewa isiyopimwa na vumbi, so nusu ya shida ya aidlingi yako inaweza kuwa huyo ufagio, si BOV. Weka kifuniko cha silikoni cha saizi yake na klipu nzuri. Ukiwa hapo pitisha mkono chini ya hiyo paipu yote mpaka kwa tabo, kwa hizi Subaru huwa inapasuka kwa mikunjo ikizeeka na gari yako ni ya 2005, mpira umepikwa muda mrefu.

Ukiwa na nafasi pitia kwa mtu wa panchari ako na kompresa, uzibe mwanzo wa paipu na kifuniko cha PVC chenye valvu ya tairi, ingiza hewa polepole usipite psi 12, na upake maji ya sabuni kila kiungo na mdomo wa BOV. Povu likitoka mahali umepata mwizi. Usiingize kwa haraka, na usisimame mbele ya hicho kifuniko, kikitoka kinatoka kama jiwe la manati.

Sasa skrubu. Washa gari ishike moto wake wa kawaida, feni iwashe na izime. Zima AC, zima taa, weka P ama N. Hii ni muhimu kwa sababu ukiwa D ama AC imewaka vakyumu inashuka, so ukiseti hivyo utafikiri valvu imefunga alafu ukiweka N inafunguka. Legeza loki nati kwanza, usilazimishe skrubu na loki nati imekaza, utaharibu nyuzi na hizo za bei rahisi ni aluminiamu laini. Alafu rudisha skrubu mpaka springi iwe laini kabisa, lakini usiitoe, kofia ikiruka na springi ndani ya bonet utaitafuta mpaka jioni.

Chukua kipande cha tishu, chembamba, ushike upande mmoja vizuri na vidole, upande mwingine uache uning'inie karibu na mdomo wa BOV. Gari ikiwa aidlingi, kama tishu inavutwa kwa mdomo, valvu iko wazi na inakula hewa. Usiiachilie ikaingia! Kaza skrubu robo mzunguko, kanyaga mafuta kidogo na uachilie, ngoja RPM itulie, angalia tishu tena. Endelea robo robo. Kuna mahali tishu itaacha kuvutwa na utasikia hata injini imekaa vizuri, RPM imetulia. Hapo ndio mwanzo wa mlango. Ongeza robo moja ama nusu zaidi, kisha loki nati.

Kwa nini hiyo ya kuongeza? Kwa sababu umeniambia wikendi unateremka Kisumu. Kutoka Nakuru unapanda Mau Summit, unapita Kericho, alafu unashuka mpaka Ahero, na ukifika Kisumu uko chini ya Nakuru kwa mita 700 hivi. Vakyumu yako ya aidlingi imepanda inchi kama mbili. Valvu uliyoiseti Nakuru iwe imefunga kwa shida tu, Kisumu itakuwa imefunguka, na gari itakuzimia pale Kondele kwa jam na utapiga simu ukisema Nakuru ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa, ni hewa imebadilika. Hata BOV za TiAL springi yake inachaguliwa kwa kuangalia vakyumu ya aidlingi ya injini, sio kwa kuangalia ni gari gani, so hii si siri yangu.

Baada ya hapo ndio uende barabarani. Mahali pa wazi, asubuhi kabla magari yajae, na tafadhali isiwe Salgaa, ule mteremko umekula watu wa kutosha na malori hayana mchezo. Beba mtu akae upande wa pili na dirisha wazi, mkipita kando ya ukuta ama gadireli sauti inarudi na unasikia kila kitu. Zuia gia isipande, kanyaga vizuri mpaka busti iingie, achilia ghafla. Unataka pshh moja safi. Ukisikia pshh inayoisha na tututu mbili tatu ndogo, legeza robo. Ukisikia tututu tupu bila pshh na ulikuwa na busti kubwa, legeza nusu na urudi kwa mpira wa vakyumu, kuna kitu hapo. Alafu jaribu ile ya pili, kanyaga kidogo tu, RPM kama 2,500, achilia polepole. Hapo kwa Nakuru tututu kidogo huenda ikabaki hata ukiseti vizuri, na mimi sina shida nayo. Busti ni ndogo, nguvu inayorudi kwa feni ni ndogo, tabo yako ya TD04 inavumilia. Ile siitaki ni tututu ya busti kamili kila siku, hiyo inagonga bearing ya kusukuma ndani ya tabo, na vijana wanaoitafuta makusudi kwa ajili ya sauti wacha waendelee, pesa ni zao.

Maliza na jaribio la raundabauti lako: kimbia 60, achilia mafuta, weka N mwenyewe gari ikiendelea, angalia RPM. Fanya hii mahali barabara ni tambarare na hakuna mtu nyuma. Ikishuka mpaka chini ya 600 alafu irudi yenyewe, bado imelegea ama kuna liki. Ikishuka moja kwa moja mpaka aidlingi na kukaa, umefika.

Na kama umelegeza ukapata tututu imeisha lakini gari inazima, ukakaza ikaacha kuzima lakini tututu ya busti kubwa imerudi, basi huo mlango kwa springi yako haupo kabisa. Haitakuwa makosa yako wala ya fundi. Valvu yenyewe ni ya springi ngumu, ama pistoni ni nzito, ama ni feki. Kwa feki kuna moja rahisi kutambua: HKS SSQV ya ukweli haina skrubu ya kukaza springi, inafanya kazi kwa tofauti ya presha yenyewe. Ukiona imeandikwa HKS SSQV na kuna skrubu ya kuseti hapo juu, HKS hawajawahi kuiona. GReddy Type RS ndio iko na skrubu juu kwa ukweli, na hiyo pia imeigwa sana.

Maoni yangu sasa, na najua hukuyauliza. Gari ya MAF, gia oto, mtu anayekaa Nakuru na kuteremka Kisumu kila mara, mimi ningerudisha valvu ya kampuni. Busti ya kawaida ya EJ205 inaishika bila jasho, inarudisha hewa ndani, ikiwa wazi kwa aidlingi hakuna mtu anajua kwa sababu hewa imeshapimwa, na maneno ya Nakuru na Kisumu yanaisha. Na fikiria hii: kwa oto ukikanyaga yote gia ikibadilika throto haifungi, so hiyo pshh ya kubadilisha gia unaona kwa video za manyuali wewe huipati. Umelipia pshh ya kuachilia mafuta peke yake. Kama sauti ni lazima, tafuta ile ya kugawa hewa, sehemu kubwa inarudi ndani na kidogo inatoka nje, sauti utapata na gari haitakasirika sana. Ningekuwa na Caldina GT-T ama gari nyingine inayopima kwa MAP (sensa ya presha ya manifoldi) ningekuambia tofauti, hizo kutupa hewa nje haziwasumbui.

Ukishamaliza toa plagi moja uangalie. Ikiwa nyeusi kavu ya masizi, zote zisafishwe ama zibadilishwe, kwa sababu moshi wa hizo wiki zote umekaa hapo na utafanya gari itetemeke hata BOV ikiwa sawa, alafu utarudi kushika skrubu bure. Futa pia kumbukumbu ya kompyuta, toa tamino la betri nusu saa, maana imekuwa ikijifunza hesabu za uongo. Alafu pata mtu wa skana inayosoma Subaru za Japani vizuri, zile ndogo za bei rahisi wakati mwingine hazishiki hizi za miaka hiyo, akusomee marekebisho ya petroli ya muda mrefu kwa aidlingi na ukiwa 2,500. Ikiwa chini ya asilimia 5 juu ama chini, lala. Ikiwa aidlingi imeongeza 15 na kwa 2,500 imerudi karibu na sufuri, bado kuna hewa inaingia mahali, anza na hapo pa ufagio. Nitumie hizo namba mbili na uniambie umezisomea wapi, Nakuru ama Kisumu.